Fremu Ndogo ya Mbele: Mambo ya Kupima Kabla ya Kubadili Injini ya Gari

Boneti ya gari inapofunguliwa, macho ya watu wengi hukimbilia injini. Watu husifu ukubwa wake, huuliza nguvu zake na husikiliza mngurumo wake. Ni wachache mno wanaoinama kutazama kile kinachoibeba. Hata hivyo, gari linapobadilishwa injini, usalama wa dereva hutegemea sana kipande cha chuma kilichojificha chini ya injini hiyo. Katika makala haya tutakiita kipande hicho fremu ndogo ya mbele. Baadhi ya mafundi wetu hukiita krosimemba.

Kubadili injini ni jambo la kawaida duniani. Katika Afrika Mashariki hufanywa mara nyingi kwa sababu ya lazima: injini imechakaa, na iliyopatikana si ya aina ile ile. Huko Marekani, pamoja na lazima, kazi hiyo imekuwa burudani na biashara kubwa. Viwanda vidogo vya huko hutengeneza fremu ndogo za badala, zisizotoka kwa mtengenezaji wa gari, na mnunuzi hujikuta mbele ya orodha ndefu: nzito na nyepesi, za chuma cha kawaida na za chuma cha aloi, za bei ya chini na za bei ya kutisha. Achague ipi?

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa mizani wala kwa bei. Hujibiwa kwa kufuata kani, yaani kuuliza kila kani inayoingia sehemu ya mbele ya gari inatoka wapi, inapita wapi na inaishia wapi. Mwandishi alijifunza jambo hili kwa aibu, kama itakavyoelezwa baadaye.

Fremu ndogo ni nini?

Magari ya zamani, na malori hadi leo, hujengwa juu ya chesi, yaani boriti mbili ndefu za chuma zilizolala chini ya bodi. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana chesi ya namna hiyo. Bodi yenyewe, iliyoundwa kwa mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa, ndiyo inayobeba uzito wote. Njia hii hupunguza uzito na gharama, lakini ina udhaifu mmoja: bati, hata likikunjwa kwa ustadi, halistahimili kani kubwa inayolisukuma mahali padogo.

Kwa sababu hiyo wahandisi huweka chini ya injini kiunzi kifupi, kigumu, kinachofungwa kwa bolti kwenye boriti mbili za bodi. Kiunzi hicho hubeba injini, hushika mikono ya chini ya magurudumu ya mbele, na hushika reki ya usukani. Katika magari mengine hupokea pia springi. Msomaji anaweza kukifananisha na mfupa wa nyonga wa binadamu: uti wa mgongo umeukalia, na miguu imeshikizwa humo. Mtu aliyevunjika mkono anaweza kutembea. Aliyevunjika nyonga hawezi.

Mfano wa gari la Mustang

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue gari moja ambalo limebadilishwa injini mara nyingi sana huko Marekani. Mwaka 1979 kampuni ya Ford ilitoa gari la Mustang lililojengwa juu ya muundo uitwao Fox. Gari hilo liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1993, kisha muundo wake ukarekebishwa mwaka 1994 na kutumika hadi mwaka 2004. Fremu yake ndogo ya mbele, ikitazamwa kutoka juu, hukumbusha umbo la herufi K, na ndivyo Wamarekani wanavyoiita.

Injini mashuhuri ya gari hilo ilikuwa ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V. Kipenyo cha kila silinda kilikuwa milimita 101.6 na mwendo wa pistoni milimita 76.2, hivyo ujazo wake ulikuwa sentimita za ujazo 4,942. Ilikuwa na kemshafti moja katikati ya bloku na vali 16. Kati ya mwaka 1987 na 1992 ilitajwa kutoa nguvu farasi 225. Katika modeli ya mwaka 2011, Ford ilileta injini nyingine ya silinda 8 iliyopewa jina la Coyote. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,951, tofauti ya 9 tu; lakini ina kemshafti 4 na vali 32, na ilitajwa kutoa nguvu farasi 412 na kani ya msokoto ya nyutoni-mita 529 hivi. Si ajabu kwamba wenye Mustang za zamani waliitamani.

Kikwazo cha kwanza ni upana. Kemshafti za injini mpya zimekaa juu ya vichwa vya silinda, mbili kila upande, na vichwa hivyo vimetanuka kuelekea kuta za bodi. Upande wa dereva vinagombania nafasi na busta ya breki, lile ngoma la duara linalousaidia mguu wa dereva. Ford yenyewe ilikutana na shida ya namna hiyo mwaka 1996 ilipoweka katika Mustang injini ya lita 4.6 yenye kemshafti juu ya vichwa. Katika magari hayo busta ya hewa iliachwa, ikawekwa ndogo zaidi inayotumia shinikizo la mafuta ya pampu ya usukani. Aidha, vikalio vya injini mpya haviko mahali pa vile vya zamani, na sampu yake ya oili ina umbo tofauti. Kwa hiyo fremu ndogo ya asili haifai, na ndipo uteuzi unapoanza.

Springi inakalia wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, nalo ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Katika magari mengi madogo ya leo springi ya mbele imeizunguka nguzo ya shokamzoba, na uzito wa gari hupanda hadi juu, kwenye mnara wa bati unaoonekana pembeni mwa injini. Katika Mustang ya muundo wa Fox mambo yalikuwa tofauti. Springi ilisimama peke yake juu ya mkono wa chini, na kichwa chake kiliingia katika kikombe kilichomo kwenye fremu ndogo. Nguzo ya shokamzoba ilituliza mtikisiko na kulishika gurudumu lisilale. Haikubeba uzito wa gari.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme gari lina uzito wa kilo 1,400, na asilimia 57 yake iko mbele. Kila gurudumu la mbele linabeba karibu kilo 400, ambazo ni kani ya kilonyutoni 4 hivi. Springi ya asili imekaa karibu na katikati ya mkono wa chini, kati ya bawaba na gurudumu. Kwa kanuni ya wenzo, ili kuhimili kilonyutoni 4 mwishoni mwa mkono, springi iliyo katikati lazima isukume kwa kilonyutoni 8. Kani hiyo yote ilipokelewa na kikombe cha fremu ndogo.

Sasa, fremu nyingi za badala zilizotengenezwa kwa mabomba hazina kikombe hicho. Kimeondolewa ili kupata wepesi na nafasi ya mabomba ya eksozi. Anayenunua fremu ya namna hiyo analazimika kuhamishia springi kwenye nguzo ya shokamzoba. Kuanzia siku hiyo kilonyutoni 4 za kila upande, na mara 3 ya hizo gurudumu linapopiga shimo kwa nguvu, zinaingia katika mnara wa bati ambao haukusanifiwa kuzibeba. Mnara huo unaweza kuzihimili ikiwa ni mzima, hauna kutu, na sahani ya chuma inayoushika ncha ya nguzo imetengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini mnunuzi anapaswa kujua kwamba hakununua fremu peke yake: amebadili njia ya kani katika gari zima.

Aidha, springi ya zamani haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo. Ukakamavu unaosikika kwenye gurudumu ni ukakamavu wa springi ukizidishwa kwa mraba wa uwiano wa wenzo. Springi ya nyutoni 80 kwa milimita, ikikaa nusu ya mkono, huleta nyutoni 20 tu kwenye gurudumu, kwa kuwa nusu mara nusu ni robo. Springi inayoizunguka nguzo hutembea karibu sawa na gurudumu. Kwa hiyo ya nyutoni 22 kwa milimita yatosha kufanya kazi ile ile. Asiyejua hesabu hii akinunua springi ya ukakamavu wa zamani, gari lake litaruka kama mkokoteni.

Kani za injini na za breki

Watu hudhani kwamba mzigo mkubwa wa injini ni uzito wake. Injini ya Coyote ina uzito wa karibu kilo 200, na fremu yoyote ya haki inaweza kuubeba uzito huo ikiwa imesimama. Mzigo mgumu zaidi ni msokoto. Gia ya kwanza ikizidisha nyutoni-mita 529 mara 3.5, msokoto unaotoka nyuma ya gia boksi ni nyutoni-mita 1,850 hivi, na injini pamoja na gia boksi hutaka kujipindua kuelekea upande wa pili kwa kiasi hicho hicho. Kikalio cha nyuma, kilicho chini ya gia boksi, ni chembamba na kiko katikati. Hakiwezi kuzuia mpinduko huo. Unazuiwa na vikalio viwili vya mbele. Ikiwa vimeachana kwa nusu mita, kimoja kinavutwa juu na kingine kinasukumwa chini kwa kani ya kilonyutoni 3.7, karibu sawa na mzigo wa gurudumu zima. Hivyo basi, fremu iliyotosha kwa injini dhaifu haitoshi kwa injini yenye nguvu, hata kama injini zote mbili zina uzito mmoja.

Kani za breki nazo zina hila yake. Tuseme kila gurudumu la mbele linasimamishwa na barabara kwa kani ya kilonyutoni 5. Kani hiyo inaingia chini kabisa, pale tairi linapogusa lami. Kiungo cha mkono wa chini kiko juu yake kidogo, tuseme milimita 200, na ncha ya nguzo iko milimita 800 kutoka ardhini. Kwa kuwa kani imeingia chini ya viungo vyote viwili, mkono wa chini haupati kilonyutoni 5 tu. Unapata 5 mara 800 kugawa kwa 600, yaani kilonyutoni 6.7, huku ncha ya juu ikivutwa upande wa pili kwa kilonyutoni 1.7. Masikio yanayoshika mkono wa chini kwenye fremu ndogo ndiyo yanayopokea kani hiyo kila dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Msomaji ayakumbuke masikio hayo, maana tutarudi kwake.

Chuma cha aloi au chuma cha kawaida?

Wauzaji wengi hutangaza fremu za chuma chenye kromi na molibdeni, na bei yake hupanda kwa sababu hiyo. Chuma hicho kina uimara mkubwa, yaani huhitaji kani kubwa zaidi kabla ya kupinda bila kurudi. Lakini uimara na ukakamavu ni sifa mbili tofauti. Ukakamavu ni kiasi ambacho chuma hukataa kunepa kinapobebeshwa mzigo, na katika sifa hiyo vyuma vyote vya jamii hii, cha bei ghali na cha bei rahisi, ni karibu sawa. Anayedhani kwamba fremu ya chuma cha aloi itamzuilia usukani usinepe, amelipia kitu asichokipata.

Tena, kwa kuwa chuma cha aloi ni imara zaidi, watengenezaji hukitumia kwa ukuta mwembamba ili kupunguza uzito. Tulinganishe mabomba mawili ya kipenyo cha milimita 38, moja lenye ukuta wa milimita 3 na jingine wa milimita 2. La pili ni jepesi kwa asilimia 31, lakini ukakamavu wake wa kukataa kupinda umepungua kwa asilimia 28. Sasa tuchukue bomba la tatu, la kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa milimita 2. Hili ni jepesi kuliko la kwanza kwa asilimia 18, na wakati huo huo ni kakamavu zaidi kwa asilimia 23. Siri iko katika kipenyo: chuma kilicho mbali na mhimili wa bomba hufanya kazi kubwa kuliko kilicho karibu. Mwanzi unaijua kanuni hii tangu kale. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina la chuma, mnunuzi aulize kipenyo na unene wa bomba, tena atazame kama mabomba yamepangwa kwa pembetatu na kama mistari yake inakutana mahali pamoja. Bomba lililochomelewa katikati ya jingine, mbali na kiungo, hulipinda lile linalolibeba.

Mshono na uchovu wa metali

Mwaka 2014, mwandishi alipokuwa akisomea shahada ya udaktari katika jimbo la Michigan, mwanafunzi mwenzake alikuwa na Mustang ya mwaka 1989 aliyoibadilisha injini kwa mikono yake. Alipata kwa bei nafuu fremu ndogo ya mabomba membamba iliyokwisha kutumika, nyepesi ajabu. Aliniomba nimpigie hesabu. Nilichukua kani kubwa kabisa ya breki, nikaigawa kwa eneo la chuma kwenye masikio ya mkono wa chini, nikaona kwamba chuma kinaweza kuhimili mara mbili ya mkazo huo. Nikamwambia kwamba inatosha. Karatasi ya mtengenezaji ilisema wazi kwamba fremu hiyo ni ya mashindano ya mwendo mfupi ulionyooka tu. Tuliisoma sote wawili, tukaipuuza, kwa sababu hesabu yangu ilikuwa nzuri.

Baada ya mwaka mmoja na nusu wa kwenda kazini na kurudi, kiangazi na baridi, gari lilianza kuvuta kushoto kila lilipofungwa breki. Tuliliinua, tukasafisha mishono, tukaipaka rangi nyekundu inayopenya na kisha poda nyeupe inayoifyonza. Mstari mwembamba mwekundu ulijitokeza ukingoni mwa mshono wa sikio la nyuma la mkono wa kushoto, ukiwa umezunguka karibu nusu ya bomba. Siku mbili kabla ya hapo, rafiki yangu alikuwa amewachukua wadogo zake wawili katika gari lile lile kwa mwendo wa maili 70 kwa saa. Hakunilaumu. Alikaa sakafuni, akautazama mstari ule kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hesabu yako ilikosea wapi?"

Haikukosea katika kile ilichopima. Ilipima kani moja kubwa, inayokuja mara moja. Metali hainyongwi kwa kani moja tu; huweza pia kuchoshwa kwa kani ndogo zinazorudiwa. Gurudumu kwenye barabara mbovu hurukaruka kama mara 10 kwa sekunde, yaani mapigo 36,000 kwa saa moja. Gari la mashindano ya mwendo mfupi halifikii maelfu hayo katika maisha yake yote, maana kila mbio huisha kwa sekunde chache. Gari la kwenda kazini huyapata katika juma moja.

Mahali uchovu unapoanzia ni kwenye mshono. Ukingoni mwa mshono wa kuchomelea kuna kona ndogo na dosari zisizoonekana kwa macho, na mkazo hukusanyika hapo. Majaribio ya wahandisi kwa miaka mingi yameonyesha mambo mawili. La kwanza, ukiongeza mkazo mara mbili, maisha ya mshono hupungua hadi kama sehemu moja ya nane. La pili, na hili huwashangaza wengi, mshono wa chuma cha aloi huchoka karibu sawa na mshono wa chuma cha kawaida. Uimara wote ulionunuliwa kwa bei ghali haumsaidii mnunuzi pale panapovunjika. Kwa hiyo ukuta ukipunguzwa unene kwa kutegemea uimara wa chuma, mkazo kwenye mshono unapanda, na maisha yake yanaporomoka. Hilo ndilo lililotokea Michigan.

Usukani na mistari yake

Fremu ndogo ndiyo inayoamua mahali pa reki ya usukani na pa bawaba za mikono ya chini. Gurudumu linapopanda na kushuka, mkono wa chini huchora tao, na fimbo ya usukani huchora tao lake. Matao hayo yasipolingana, fimbo hulisukuma au kulivuta gurudumu, na gari hugeuka lenyewe kila linapopita juu ya kigongo, ingawa dereva ameushika usukani imara. Kosa la milimita chache katika urefu wa reki kutoka ardhini latosha kulileta tatizo hili.

Baadhi ya fremu za badala huinua bawaba za mikono ya chini ili kulifaa gari lililoshushwa, na nyingine husogeza magurudumu mbele kwa milimita 20 hivi ili uzito mkubwa zaidi uende nyuma. Mabadiliko hayo yana faida kwa anayeyahitaji. Yakiwekwa katika gari lenye kimo cha kawaida, huharibu kile kilichokuwa sawa.

Mambo ya kuuliza

Kwa Mustang hii, mnunuzi ana njia tatu. Ya kwanza ni fremu ya bati nene iliyotengenezwa na Ford yenyewe kwa magari ya silinda 8 ya mwaka 1996 hadi 2004. Ni nzito, lakini ina kikombe cha springi, na ilibuniwa kwa injini pana ya ukoo unaokaribiana na wa Coyote. Ya pili ni fremu ya mabomba iliyokusudiwa kwa barabara. Ya tatu ni fremu ya mabomba iliyokusudiwa kwa mashindano. Kabla ya kutoa fedha, yafaa ajiulize maswali yafuatayo:

1. Je, springi itakalia wapi, na kama ni kwenye mnara, je, mnara ni mzima na umeimarishwa?

2. Je, vikalio vimewekwa kwa injini hii hasa, na sampu, eksozi na mhimili wa usukani vitapita bila kugusana?

3. Kipenyo cha bomba ni kipi, na ukuta wake una unene gani?

4. Je, masikio ya mkono wa chini yameimarishwa kwa vipande vya pembetatu, na mishono yake ni laini ukingoni?

5. Je, reki na bawaba zimewekwa kwa kimo cha gari langu?

6. Mtengenezaji mwenyewe anasema fremu hii ni ya kazi gani?

Swali la sita lisipuuzwe. Jibu lake mara nyingi limeandikwa kwenye karatasi ambayo mnunuzi huitupa pamoja na boksi.

Mafunzo kwa karakana zetu

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaweza kusema kwamba mambo haya hayamhusu, kwa kuwa hana Mustang wala hatanunua fremu kutoka Marekani. Na hata angenunua, fremu za huko huchongwa kwa magari ya usukani wa kushoto, na reki yake humtazama dereva aliyeketi upande usio wetu.

Lakini kani hazijui mpaka wa nchi. Katika karakana zetu, injini nyingine inapokataa kuingia, mara nyingi fremu ndogo ndiyo inayokatwa ili sampu ipate nafasi, na kikalio huchomelewa kwa kipande cha chuma kilichopatikana. Fundi anapoukata upande wa chini wa fremu, anaondoa chuma kile kilicho mbali na mhimili, ambacho tumeona ndicho kinachofanya kazi kubwa. Barabara zetu za vumbi zenye mawimbi nazo huhesabu mapigo yake bila kupumzika. Kwa hiyo, ikiwezekana, ibadilishwe sampu kuliko kukata fremu. Ikilazimu kukata, kina kilichoondolewa kirudishwe kwa bomba au sanduku lililofungwa pande zote, na mshono usiwekwe karibu na masikio ya mkono wa chini.

Zaidi ya hayo, fremu iliyochomelewa ichunguzwe kila baada ya miezi michache. Hakuna haja ya vifaa vya gharama. Mafundi wa reli walitumia tangu zamani njia ya mafuta na chokaa, nayo inafaa hadi leo. Mshono husafishwa hadi chuma kionekane, hupakwa mafuta ya taa, huachwa kwa muda ili yapenye, hufutwa hadi ukauke kabisa, kisha hupakwa unga wa chaki. Chuma kikigongwa kidogo kwa nyundo, mafuta yaliyojificha katika ufa hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ufa uliofika juu ya uso wa chuma hujitaja wenyewe.

Rafiki yangu aliinunua fremu ya kiwandani ya mwaka 1998, iliyoongeza uzito wa gari lake na kulirudishia springi mahali pake pa asili. Mimi niliihifadhi ile karatasi ya hesabu. Kila mwaka huwagawia wanafunzi wangu nakala yake bila kuwaambia ni ya nani, nikawataka watafute kosa. Wengi hurudia kujumlisha na kugawanya, wakasema haina kosa. Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, kisha akauliza: "Mwalimu, gari hili litatembea mara ngapi?" Nilimpa alama zote.